Kwakoa na Wachora Mipaka

Kwakoa iko chini, upande wa mashariki wa milima ya Upare ya Kaskazini, mahali ambapo mvua ya Usangi na Ugweno hutufikia ikiwa wingu tu. Mbele yetu kuna mpaka wa Kenya na Ziwa Jipe. Pembeni kuna Mkomazi na tembo wake. Nyuma yetu ni milima, na ng'ambo ya milima hiyo ndiko ziliko barabara kuu, reli na ofisi zote zenye mhuri. Mtu wa hapa akitaka kwenda Mwanga mjini, ama aipande milima, ama aizunguke.

Mipaka tumeizoea tangu enzi za mababu. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana mstari uanzie mdomo wa mto Umba, pwani, uje moja kwa moja hadi Ziwa Jipe. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kunywa maji ya ziwa hilo. Mwaka 1951 ukachorwa mstari mwingine, Mkomazi likawa pori la akiba, na baadhi ya malisho yakawa ya wanyama. Kwa hiyo vijana wa hapa waliponijia baada ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi kutangaza majimbo mapya, Mei 2025, wakauliza, "Mwalimu, mbona tambarare haijawahi kuwa jimbo?", niliwaambia wakae, kwani jibu ni refu.

Baba yangu alizaliwa Usangi na alikuwa kijana wakati wa mbiru. Serikali ya kikoloni ilikuwa imeanza kutoza kodi kwa kukadiria mali ya kila mtu, ikaipa kodi hiyo jina la mbiru, ushuru wa zamani wa watemi. Mwaka 1944 vurugu zikaanza, na mwanzoni mwa 1945 maelfu ya Wapare waliteremka kwa miguu hadi Same, wakapiga kambi karibu na boma la bwana shauri, wakakataa kuondoka. Wanawake wa Usangi nao baadaye walimkabili bwana shauri wakimtaka amalize shauri hilo ili waume zao warudi nyumbani. Kodi hiyo ilifutwa mwaka 1947. Baba alikuwa akisema kwamba si shilingi iliyowaudhi. Kilichowaudhi ni watu kuingia chumbani, kufunga mlango, kisha kutoka na kiwango chako, na wewe huna pa kwenda kuuliza wamekifikiaje.

Maneno hayo sikuyatilia maanani nilipokuwa mdogo. Familia yetu iliteremka Kwakoa wakati wa vijiji vya Ujamaa, na mimi nikawa mwalimu wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, mmoja wa wale vijana wa darasa la saba tuliopewa chaki tufundishe wenzetu. Agosti 1978 nikachukuliwa kuwa karani wa sensa. Tulipita nyumba kwa nyumba tukiandika namba ya kaya mlangoni kwa chaki, na pale ambapo hapakuwa na mlango wa mbao, tuliandika juu ya jiwe lililokuwa karibu na kizingiti.

Nyumba ya bibi mmoja wa Kikamba nimeikumbuka maisha yangu yote. Nilimwamkia, nikamweleza kilichonileta, nikamwuliza ana wajukuu wangapi wanaolala hapo. Akakataa kunitajia namba. Aliwaita wote, akawapanga ukutani kwa kimo, mkubwa mwanzo, mchanga akiwa mgongoni mwa dada yake.

"Hesabu kwa macho, mwanangu," akasema. "Usiwataje kwa namba, wala usiwanyooshee kidole."

Nikafanya hivyo. Nilipokuwa nakunja karatasi akaniuliza, "Hizo hesabu zinakwenda wapi?"

"Serikalini, bibi. Wakijua tupo wangapi, watajua pa kuleta shule na maji."

"Na wakishajua, watatuambia?"

Nikamjibu kwamba bila shaka wataambiwa. Ndivyo tulivyofundishwa kujibu kwenye semina ya makarani.

Mwaka uliofuata, vita vya Kagera vikiwa bado midomoni mwa watu, Wilaya ya Pare ikagawanywa. Kusini ikabaki Same, kaskazini ikawa wilaya mpya ya Mwanga. Kwakoa ikaangukia Mwanga. Mwenyekiti wa kijiji aliitisha mkutano chini ya mti, tukakaa kwenye mawe na magogo, akasimama na kusema, "Ndugu wananchi, kuanzia sasa sisi ni Mwanga."

Mzee mmoja akanyoosha fimbo. "Nani amesema, Ndugu Mwenyekiti?"

"Serikali."

"Na sisi watu wa tambarare kama tungependa jambo jingine, tungemwambia nani?"

Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akahamia kwenye ajenda ya shamba la kijiji.

Niseme wazi kwamba mgawanyo ule ulikuwa mzuri. Same ilikuwa mbali mno kwetu, na wilaya moja haikuweza kuhudumia watu kuanzia Ugweno hadi Kihurio. Wengi wetu tulifurahi. Swali la yule mzee lakini halikujibiwa siku ile, na ndilo lililokuja kutusumbua baadaye, kwa sababu Tanzania Bara jimbo la uchaguzi hukatwa ndani ya mipaka ya wilaya au halmashauri. Anayeichora wilaya anakuwa ameshalichora jimbo kabla tume yoyote haijafungua daftari. Na Katiba, ibara ya 2, inasema wazi kwamba anayeigawa nchi katika mikoa na wilaya ni Rais.

Hivyo Mwanga ikawa jimbo moja, kuanzia vilele vya Ugweno na Usangi hadi matete ya Jipe, wakati Same kwa sasa ina mawili, Mashariki na Magharibi. Mbunge wetu kwa miaka mingi, mpaka mwaka 2000, alikuwa Cleopa Msuya, mzaliwa wa Chomvu kule Usangi, aliyekuwa Waziri Mkuu mara mbili na ambaye alitutoka Mei 2025. Sina neno baya juu yake, na alama za kazi yake Upare zinaonekana. Lakini mwanasiasa yeyote, hata awe mwema kiasi gani, hufuata kura, na kura nyingi za Mwanga ziko milimani na kandokando ya barabara kuu. Mgombea akiteremka kwetu, aliteremka mara moja, asubuhi, ili awahi kurudi kabla gari halijakwama mchangani.

Mwaka 1991 Rais Mwinyi aliunda tume chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali kuuliza wananchi kama tubaki na chama kimoja au tuwe na vyama vingi. Nilikwenda kusikiliza mkutano mmoja wa tume hiyo. Nilichokiona kilinishangaza kuliko jibu lenyewe: mtu wa kawaida, mwenye kandambili, anasimama, anasema, na mtu mwenye suti anaandika. Tume ikaja kusema kwamba wengi, kama watu wanane katika kila kumi, walitaka chama kimoja, lakini ikapendekeza vyama vingi na kueleza sababu zake. Unaweza kukubaliana nayo au kuikataa, maana sababu zilikuwa mezani. Julai 1992 mfumo wa vyama vingi ukaanza kisheria, na Januari 1993 ikaundwa Tume ya Taifa ya Uchaguzi, chini ya Jaji Lewis Makame, ndiyo ambayo ingepanga majimbo ya uchaguzi wa 1995.

Tukasema huu ndio wakati wetu. Tulikaa watu wachache: wazee wawili wa Kipare, mzee mmoja wa Kikamba, muuguzi wa zahanati, mwenye duka, na mimi nikiwa mwandishi. Ombi letu lilikuwa kwamba tambarare ya Mwanga, kata za huku Jipe na jirani zake, iwe jimbo lake. Hatukuwa wengi, tulilijua hilo. Hoja yetu ilikuwa ni jiografia na mawasiliano, mambo mawili ambayo Katiba yenyewe, ibara ya 75, inaitaka Tume iyazingatie. Hakukuwa na simu, na masika barabara ilikuwa inakatika. Mtu wa huku aliyetaka kumwona mbunge wake alitakiwa kwanza apate nauli, kisha apate pa kulala.

Barua ilichapwa kwa mashine ya shule moja ya milimani ambayo herufi ya R ilikuwa imevunjika. Nilikaa usiku na kalamu ya wino nikiirudisha R moja baada ya nyingine, kwenye "tambarare", kwenye "barabara", kwenye "serikali". Mwanafunzi mmoja wa darasa la saba alituchorea ramani, milima kwa penseli ya kahawia na ziwa kwa bluu. Nikaipeleka mwenyewe. Karani akaigonga mhuri wa kupokelewa, akanipa nakala, akaniambia tutajibiwa.

Hatukujibiwa. Orodha ya majimbo ikatoka, 232 nchi nzima, na Mwanga ilikuwa ile ile moja. Labda walipiga hesabu wakaona tu wachache. Labda barua haikutoka kwenye faili. Yule mzee wa Kikamba alikuwa akipita shuleni kila baada ya muda kuniuliza kama kuna jibu, na kila mara nilikuwa namwonyesha ule mhuri. Alifariki akiuliza.

Nilikuja kuona namna nyingine ya kulifanya jambo hili nikiwa mstaafu, na niliiona upande wa pili wa ziwa. Dada yangu aliolewa Taveta, na sisi watu wa Kwakoa soko la Taveta tunalijua kama tunavyojua la kwetu. Kenya walikuwa wameumia. Baada ya uchaguzi wa 2007 kuleta damu, tume ya Jaji Johann Kriegler ilichunguza uchaguzi huo, na kati ya mambo iliyoyaanika mwaka 2008 ni tofauti za majimbo. Embakasi, kule Nairobi, lilikuwa na wapiga kura zaidi ya mara kumi ya wale wa Lamu Mashariki, lakini kila moja lilikuwa na mbunge mmoja. Ikaja tume ya muda ya mipaka chini ya Andrew Ligale, ripoti yake ikazua ugomvi mkubwa, na Katiba ya 2010 ilikabidhi kazi hiyo kwa tume huru ya uchaguzi na mipaka, IEBC, pamoja na masharti yaliyoandikwa wino mweusi.

Shemeji alinieleza masharti hayo tukiwa tumekaa barazani kwake mapema 2012, ripoti ya awali ikiwa imeshatolewa na wananchi wakitakiwa watoe maoni. Majimbo yangekuwa 290 badala ya 210. Idadi ya watu wa sensa ya 2009, ambao walikuwa 38,610,097, inagawanywa kwa 290, unapata watu 133,138 kwa jimbo. Hicho ndicho kipimo. Jimbo linaweza kuzidi au kupungua kipimo hicho kwa asilimia 30, au asilimia 40 kama ni jiji au eneo lenye watu wachache, na tume inatakiwa kuzingatia jiografia, historia na mawasiliano. Asiyeridhika ana siku 30 za kwenda Mahakama Kuu.

Nikachukua kalamu kwa mazoea ya ualimu. Kaunti ya Taita Taveta ilikuwa na watu 284,657 na majimbo manne, yaani wastani wa watu 71,000 hivi kwa jimbo. Hata ukitoa asilimia 40, kipimo hakishuki chini ya 79,000 na ushei.

"Mbona nyinyi mmepunguka, shemeji?" nikamwuliza.

"Tumelindwa," akasema. "Katiba inasema mgawanyo huu wa kwanza usifute jimbo lililokuwepo. Safari ijayo, tutajua wenyewe."

Kilichonigusa si kwamba walilindwa, ni kwamba shemeji, mchuuzi wa ndizi wa Taveta, aliweza kunieleza kwa nini amelindwa, na lini kinga hiyo itakwisha. Baadaye nikasikia kwamba kesi zaidi ya 100 zilipelekwa Mahakama Kuu dhidi ya mipaka ile, na majaji wakabadilisha baadhi ya mambo ya wodi. Embakasi ikawa majimbo matano.

Sitaki vijana wadhani Kenya ni peponi. Katiba yao inataka mipaka ipitiwe upya kati ya mwaka wa nane na wa kumi na mbili. Miaka 12 ilitimia Machi 2024, na wakati huo tume haikuwa na kamishna hata mmoja, kwa sababu viti vilikuwa wazi tangu mwanzoni mwa 2023 na wanasiasa walikuwa wanavutana juu ya namna ya kuvijaza. Havikujazwa mpaka Julai 2025. Sheria nzuri bila watu wa kuitekeleza inabaki kabatini.

Kwetu nako mambo hayakusimama. Mwaka 2013 rasimu ya kwanza ya Katiba mpya, ya Tume ya Jaji Warioba, ilikuja na wazo kubwa kuliko yote, kwamba katika Bunge la Muungano kila mkoa wa Tanzania Bara uwe jimbo na uchague mwanamke mmoja na mwanamume mmoja. Wazo hilo halikufika mbali. Mwaka 2015 majimbo yakafika 264. Mwaka 2024 ikatungwa Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, jina la tume likabadilika, ikawekwa kamati ya usaili inayopendekeza majina ya wajumbe kwa Rais. Halafu mapema 2025 Tume ikatangaza kupokea maombi ya kugawa majimbo, ikasema kigezo cha idadi ni watu 600,000 mjini na 400,000 vijijini. Mei ile, mwenyekiti wa Tume, Jaji Jacobs Mwambegele, akatangaza majimbo mapya manane, na jumla ikawa 272. Dar es Salaam ilipata Kivule na Chamazi, Dodoma Mtumba, Mbeya Uyole. Geita ilipata mawili, Katoro na Chato Kusini.

Nilipiga hesabu tena. Kwa sensa ya 2022, Mwanga ina watu karibu 149,000 na Same karibu 300,000. Upare wote, milima na tambarare, ukiujumlisha unapata kama 449,000. Kwa kigezo cha 400,000, sisi sote kwa pamoja tungestahili jimbo moja na chenji kidogo, na leo tunayo matatu. Hapo niliwaambia vijana ukweli ambao hawakuupenda. Kama siku moja itakuja tume yenye uhuru kamili, yenye kufuata idadi tu, haitatupa jimbo la tambarare. Huenda hata ikaanza kuulizia hayo matatu. Ndiyo maana hoja ya jiografia kwetu ni uhai, na ndiyo maana lazima ipimwe hadharani, ijulikane ina uzito gani mbele ya idadi.

Kijana mmoja, mwenye shahada ya sheria, akaniuliza, "Sasa mwalimu, kama uhuru wa tume unaweza kutupunguzia, unautakia nini?"

Nikamwambia akachukue Katiba yake asome mambo matatu. Ibara ya 74 inaiita Tume idara huru inayojitegemea. Ibara ya 75 inasema Tume itagawa majimbo baada ya kupata kibali cha Rais. Rais naye anaweza kuwa mgombea, na hata asipogombea yeye, chama chake kina wagombea kwenye majimbo hayo hayo. Kisha arudi ibara ya 74, kifungu kidogo cha 12, asome kwamba hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza jambo lililotendwa na Tume katika kutekeleza madaraka yake. Na maombi yenyewe ya kugawa jimbo hupitia halmashauri na kamati za ushauri za wilaya na mkoa, ambazo wenyeviti wake ni mkuu wa wilaya na mkuu wa mkoa, wote wakiwa wateule wa Rais. Ombi la Kwakoa linaweza kufa ngazi ya kwanza, Tume isijue kama liliwahi kuzaliwa.

Kubadilisha jina kulikuwa rahisi. Kazi iliyobaki ni kukiondoa kile kibali, kuruhusu mahakama isikilize lalamiko la mipaka ndani ya muda mfupi, na kuilazimisha Tume ichapishe rasimu kabla ya tangazo: ramani, idadi ya watu wa kila kata, na sababu ya kila jimbo kukatwa au kuachwa. Rasimu hiyo ibandikwe hata kwenye ofisi ya kijiji. Maombi yapokelewe moja kwa moja kutoka kwa wananchi, na kila ombi lijibiwe kwa maandishi, likubaliwe au likataliwe. Idadi na jiografia vipewe mizani inayojulikana, kama walivyofanya majirani na asilimia zao, ili nchi nzima ipimwe kwa kipimo kimoja, Kivule na Kwakoa.

Kijana akasema, "Na wakitujibu kwamba hatufiki?"

Basi hatufiki. Nikipewa hapana yenye hesabu na sahihi, nitajua nina upungufu wa watu wangapi au wa kilomita ngapi za barabara, na Katiba inasema majimbo yachunguzwe upya angalau kila baada ya miaka kumi. Mimi nitakuwa sipo, lakini nyinyi mtajua mrudi na nini.